Mpiga Picha Aonapo kwa Jicho Lake

Zamani mwenye kamera alikuwa mtu mmoja mjini, nasi tulikwenda kwake tumevaa nguo safi, tukasimama mbele ya pazia, tukaambiwa tusitikisike. Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na simu imo mfukoni mwa mchunga mbuzi sawasawa na mfukoni mwa karani. Vijana wetu hupiga picha za jua likitua, za mvua ikija, za ndege aliyetua juu ya mgomba. Baadhi yao hawatosheki na kupiga tu. Wataka picha zao ziwe na jicho, yaani mtu azitazamapo ajue kuwa ni za fulani wala si za mwingine, kama tuujuavyo mwandiko wa rafiki kabla ya kusoma jina lake chini ya barua.

Hapo ndipo lizukapo swali tunalotaka kulifikiri katika ukurasa huu. Mlima ni mlima. Mpiga picha hakuufanya, wala hawezi kuuongezea jiwe moja. Akisema, "Hii ndiyo namna yangu ya kuuona," je, atuambia habari za mlima au habari zake mwenyewe? Na ikiwa ni habari zake mwenyewe, kwa nini tuisadiki picha yake? Wako wajibuo upesi ya kwamba picha njema ni ile isiyo na mtu ndani yake, kama maji yaliyotulia. Wako na wasemao kwamba sanaa haina deni kwa mtu yeyote, mwenye kamera na afanye apendavyo. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yamekwepa uzito wa jambo. Ni afadhali tumtazame mtu mmoja aliyeuchukua uzito huo maisha yake yote, ndiye Ansel Adams, Mmarekani, mpiga picha za milima.

Adams alizaliwa San Francisco mwaka 1902. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 14, wazazi wake walimpeleka kulitazama bonde la Yosemite, lililo kati ya milima ya Sierra Nevada, na baba yake akampa kamera ndogo ya Kodak, kisanduku tu. Tangu mwaka ule hata mwaka wa kufa kwake, 1984, hakukosa kurudi Yosemite kila mwaka. Twamwomba msomaji asiupite mstari huo kwa haraka. Tena bonde lile halikuwa jipya. Carleton Watkins alikuwa amekwisha kufika huko mwaka 1861 na kamera kubwa ya mabamba ya kioo, na picha zake zilisifiwa sana. Basi Adams hakugundua kitu. Alikuja nyuma ya wengine, mahali palipojulikana, akatazama mawe yale yale waliyoyatazama wao. Kijana adhaniye kwamba atapata jicho lake kwa kusafiri mbali, mpaka mahali ambapo hajafika mtu, na alifikiri neno hili.

Picha zake za miaka ya kwanza zilikuwa ukumbusho wa safari tu: hapa tulilala, hapa tulivuka mto. Wala hakuwa na nia ya kuifanya kamera kuwa kazi yake. Alikuwa akijifunza piano kwa bidii, saa nyingi kila siku, akitumaini kuishi kwa muziki. Tutaona baadaye kwamba muziki haukupotea.

Siku iliyogeuza mambo ni tarehe 10 Aprili 1927. Adams na wenzake wachache, pamoja na Virginia Best, ambaye baadaye alikuwa mke wake, walipanda mpaka penye ukingo wa mwamba uelekeao jabali liitwalo Half Dome. Jabali hilo limesimama karibu meta 1,500 juu ya bonde, na upande mmoja limekatika wima kama ukuta. Alikuwa amechukua mabamba 12 ya kioo, maana kamera yake haikutumia filamu ya kuzungusha. Kila picha ilitaka bamba lake, na mabamba ni mazito mgongoni. Alipofika mbele ya jabali alikuwa amebakiwa na mabamba mawili.

La kwanza alilipiga akiwa ameweka kichujio cha rangi ya manjano mbele ya lenzi, kama ilivyokuwa desturi. Mara akajua ya kuwa hakupata alichokiona. Bamba lile lingeonyesha jabali zuri chini ya mbingu nyeupe-nyeupe, lakini yeye alipokuwa amesimama pale aliona ukubwa wa kutisha, jambo zito lililomwinamia. Basi akaondoa kichujio cha manjano, akaweka chekundu cha kukoza sana. Kazi ya kichujio chekundu ni kuuzuia mwanga wa buluu usipite. Kwa hiyo mbingu ya buluu hutoka nyeusi katika picha isiyo na rangi, na theluji iliyopigwa na jua hubaki nyeupe. Akaliacha bamba la mwisho lipokee mwanga kwa sekunde 5. Picha ile ndiyo iitwayo "Monolith, the Face of Half Dome". Mwenyewe alisema baadaye ya kwamba hapo ndipo alipoiona picha moyoni mwake kabla ya kuipiga, na kujua njia ya kuifikia.

Basi msomaji mkali atauliza: mbingu siku ile ilikuwa nyeusi? Haikuwa nyeusi. Ulikuwa mchana wa wazi. Je, si uongo huo?

Tusijibu kwa pupa. Kwanza tukumbuke kwamba hata bamba la kichujio cha manjano lisingekuwa mbingu ile. Picha isiyo na rangi imekwisha kuondoa rangi zote za dunia, wala hatumshitaki mtu kwa hiyo. Kila kamera ina upande inakoelekea na upande inakoupa kisogo. Mpiga picha akisema hakuchagua neno, amechagua bila kujua, au amemwachia fundi wa kiwanda amchagulie. Hata simu zetu hufanya hivyo: hung'arisha uso, huongeza ukijani wa majani, wala haziombi ruhusa. Kuchagua hakuepukiki. Lililobaki ni kujua nani achagua, na kwa ajili ya nini.

Walakini tusiseme kwamba kwa kuwa wote huchagua, basi hakuna uongo. Uongo upo, na umeonekana mara nyingi. Mwezi wa Februari 1982 gazeti la National Geographic lilitoka likiwa na picha ya mapiramidi ya Giza juu ya jalada lake. Picha ilikuwa pana, jalada lilikuwa jembamba. Basi wakatumia mashine ya kompyuta kuyasogeza mapiramidi yakaribiane. Walaumiwa sana, na haki yao. Tena katika mashindano makubwa ya picha za wanyama yafanywayo London, picha iliyoshinda mwaka 2009 ilikuwa ya mbwa-mwitu akiruka lango la zizi usiku. Januari 2010 waamuzi waliifuta, kwa kuwa waliona yaelekea mnyama yule alikuwa mfugwa aliyefundishwa, aliyekodiwa kwa ajili ya picha. Mpiga picha alikana. Tutazame ajabu ya jambo hili: katika ile picha ya mbwa-mwitu hakuna kilichotiwa rangi wala kusogezwa. Kila unywele ulikuwa mahali pake. Kama waamuzi waliona sawasawa, picha safi ya namna hiyo yaweza kuwa uongo mtupu, na picha ya Half Dome yenye mbingu nyeusi yaweza kuwa kweli. Basi mpaka hauko pale ambapo wengi huuchora, yaani kati ya picha iliyoguswa na isiyoguswa.

Uko wapi basi? Habari ya picha nyingine ya Adams yatusaidia kuliko hoja nyingi, maana ndani yake jambo hili lilipimwa kwa hesabu.

Mwaka 1941 Adams alikuwa akirudi Santa Fe kwa motokaa, jioni, yeye na mwanawe mdogo na rafiki mmoja. Kando ya njia akaona kijiji cha Hernandez: kanisa dogo la udongo, makaburi yenye misalaba meupe iliyopigwa na jua la mwisho, nyuma yake milima yenye theluji na wingu refu, na juu mwezi umekwisha kuchomoza. Akasimamisha gari kwa kishindo, akapanda juu yake na kamera kubwa na miguu yake mitatu. Kile kipimo cha mwanga akakitafuta asikione. Jua lilikuwa likiiacha misalaba. Basi akakumbuka kiasi cha mwanga wa mwezi, jambo alilolijua kwa kichwa, akapiga hesabu palepale, akafungua lenzi. Alipogeuza kishikio cha filamu ili apige picha ya pili, mwanga ulikuwa umekwisha ondoka misalabani. Ikabaki hiyo moja.

Hapa tuuone muziki wake. Adams alizoea kusema ya kwamba filamu iliyosafishwa ni kama noti zilizoandikwa na mtunzi, na kuichapa kwenye karatasi ni kama kuupiga wimbo. Noti hazibadiliki, mpigaji akikua, wimbo hukua. Picha ya Hernandez aliichapa mara nyingi mno, mamia ya karatasi, kwa muda wa miaka karibu 40. Zile za kwanza zina mbingu ya kijivu yenye mawingu mepesi. Za baadaye alizidi kuikoza mbingu katika chumba cha giza, hata ikawa karibu nyeusi kabisa, na mwezi ukasimama peke yake. Ukiziweka mbili pamoja, ya ujana na ya uzee, wadhani ni saa mbili mbalimbali za usiku. Sisi, tukiulizwa, twapenda zaidi zile za kati, ambamo mawingu bado yaonekana kidogo. Lakini hilo ni pendo tu.

Sasa sikieni. Adams hakuwa mwangalifu wa tarehe. Juu ya picha hii aliandika mwaka huu na mara nyingine mwaka ule, mpaka hakuna aliyejua kwa hakika ilipigwa lini. Wataalamu wa nyota wakaingilia. Wakapima mahali mwezi ulipo juu ya milima, na namna ulivyojaa, wakapiga hesabu. Wa kwanza alipata siku ya mwisho wa Oktoba. Mwingine, Dennis di Cicco, aliirudia kazi hiyo kwa uangalifu zaidi mwaka 1991, akapata tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 za jioni. Mpiga picha alikuwa amesahau, mwezi haukusahau. Baada ya miaka yote ya kuikoza mbingu, ushuhuda wa mwezi ulikuwa mzima ndani ya picha, hata mgeni asiyekuwapo aliweza kuusoma mpaka dakika.

Hebu na mtu ajaribu kuyafanyia hivyo mapiramidi ya jalada lile la mwaka 1982. Ajaribu kupima mahali aliposimama mpiga picha. Hatapata neno, maana vitu vyenyewe vimehamishwa. Shahidi akija barazani aweza kusema kwa sauti ya chini au kwa sauti kuu, aweza hata kulia, na huo ndio ushuhuda wake yeye. Hakuna mzee atakayemlaumu. Lakini akiihamisha nyumba, akasema ilikuwa ng'ambo ya mto, amekwisha kuwa shahidi wa uongo, ijapokuwa amesema kwa utulivu mkubwa. Na yule amletaye mbuzi wa kukodi akasema ndiye aliyeibwa, huyo naye twamjua.

Kwa hiyo twasema kwamba jicho la mtu na ukweli wa kitu si maadui. Adams alipokoza mbingu, hakutuambia kwamba palikuwa usiku. Alituambia lile jabali lilimlemea jinsi gani. Kama hakuna mtu aliyelemewa, hatukuwa na haja ya picha. Jabali lingetosha lenyewe. Lakini ili tumsadiki kwamba alilemewa kweli, yatupasa kujua kwamba alikuwapo, tena kwamba alikuwapo kwa muda wa kutosha. Hapo kurudi kwake Yosemite kila mwaka ndipo kunapopata nguvu. Jicho halikutoka katika kichujio chekundu. Vichujio viliuzwa dukani, kila mtu aliweza kununua. Alikuwa ametembea katika bonde lile miaka kumi na mmoja kabla ya siku ya Half Dome, amelala kwenye baridi yake, amelinda nyumba ya wapanda milima huko wakati wa kiangazi. Aliposimama na bamba moja lililobaki alijua alichokosa katika bamba lililotangulia. Mgeni wa siku moja angelipenda lile la kwanza, akateremka na furaha.

Twaogopa kwamba wingi wa picha katika simu huwanyima vijana wetu jambo hilo. Mtu apigaye mara 200 asubuhi moja hakuachiwa nafasi ya kujua kwamba amekosa. Huchagua baadaye, akiwa amelala kitandani, na mara nyingi huchagua ile ifananayo na picha aliyokwisha kuiona kwa mwingine.

Liko shitaka lingine juu ya kazi hii, nalo ni zito kuliko la uongo. Watu waliuliza, tangu miaka ya 1930 wakati wa njaa na ukosefu wa kazi huko Marekani, ni haki gani mtu kupiga picha mawe na theluji wakati jirani yake ana shida? Adams aliweza kujibu kwa upande mmoja: picha zake za Sierra zilipelekwa mpaka kwa Rais Roosevelt, zikawa msaada mmojawapo katika kuifanya Kings Canyon kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1940. Lakini jibu hilo halimalizi neno, naye mwenyewe hakuridhika nalo. Mwaka 1943 alikwenda Manzanar, chini ya milima ile ile aliyoipenda, mahali serikali yake ilipowafungia watu zaidi ya 10,000 wa asili ya Kijapani kwa sababu ya vita, wengi wao wakiwa wazaliwa na raia wa Marekani. Akapiga picha za nyuso zao na mashamba yao, na mwaka 1944 akatoa kitabu cha kuwatetea. Wako waliomlaumu kwamba nyuso zile zina tabasamu mno kwa watu waliofungwa, na sisi hatuwezi kusema lawama hiyo ni bure. Tena karibu na kambi ile aliupiga mlima Williamson: uwanda wa mawe makubwa, na miali ya jua ikishuka katika mawingu. Ni miongoni mwa picha zake zilizo bora. Kambi haionekani ndani yake hata kidogo.

Tumeitazama picha hiyo mara nyingi. Mawe yako mahali pake, mlima uko mahali pake, mtaalamu wa nyota hataona kosa. Walakini anayejua ni wapi kamera ilisimama huiona kwa namna nyingine. Hapo twatambua kwamba mpiga picha wa maumbile ana deni pia kwa kile alichokipa kisogo, na deni hili halilipwi kwa ustadi wa vichujio.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo jambo la namna hiyo karibu nasi. Picha ya Kilimanjaro inayojulikana zaidi duniani hupigwa kutoka Amboseli, upande wa Kenya: tembo mbele, mlima nyuma, uwanda mkavu katikati. Maelfu ya wageni wameipiga, kila mmoja akidhani ni yake. Mmoja aliyefanya kazi tofauti ni Nick Brandt, Mwingereza. Alifika Tanzania kwanza mwaka 1995 kwa kazi ya filamu, akarudi kuwapiga picha wanyama bila rangi, na bila zile lenzi ndefu za kumvuta mnyama aliye mbali. Alitaka kuwa karibu kama mtu akaribiavyo mtu anayemheshimu, na kwa hiyo alingoja, siku hata majuma, mpaka mnyama amzoee. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2005. Mwaka 2007 huko Amboseli alimpiga picha tembo dume akinywa maji, mkubwa, mtulivu, aliyewaacha watu wamsogelee. Mwaka 2009 majangili walimwua tembo huyo. Yaelekea upole uleule uliompa Brandt picha uliwapa na wao nafasi. Mwaka 2010 Brandt, pamoja na Richard Bonham, alianzisha shirika la Big Life la kuwalinda wanyama wa nchi ile, pande zote mbili za mpaka, na askari wengi waliajiriwa miongoni mwa wenyeji.

Hatusemi kila apigaye picha ya ndege aanzishe shirika. Lakini twaona kwamba mtu huyu, kwa kuwa alikaribia na kungoja, hakuweza tena kusema kwamba picha imekwisha na yeye ameondoka.

Na upande wetu wa kusini je? Picha ya Amboseli haionyeshi migomba, wala mibuni chini yake, wala mifongo iletayo maji kutoka msituni, iliyochimbwa na wazee kwa majembe na kugawanywa kwa zamu. Haionyeshi mlima kama sisi tuuonavyo, yaani kipande tu alfajiri kati ya majani, kisha wingu, kisha hakuna mlima mpaka jioni. Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, waliipiga picha barafu ya kileleni mwaka 1912 kwa ajili ya kuchora ramani. Barafu iliyokuwako mwaka ule, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa imetoweka kabla ya mwaka 2010. Wao hawakutafuta jicho la namna yoyote, walitaka vipimo. Lakini leo ni vigumu kuzitazama picha zao bila kunyamaza.

Kijana aliye na simu, na akaaye Machame au Mwika au Marangu, hana haja ya nauli ya Amboseli. Mlango wa nyuma wa nyumba ya mama yake waelekea kileleni. Na asimame hapo saa 12 asubuhi, kila siku wingu lisipoziba, apige picha moja tu, aifanye hivyo mwaka mzima tangu vuli mpaka vuli. Mwezi wa kwanza ataona mlima, na huenda mwezi wa tatu atachoka. Tungependa kuziona picha zake za mwezi wa nne na kuendelea.